Mtungi wa Pombe ni Somo la Fizikia

Wako wanaodhani kwamba sayansi huanzia mlangoni mwa maabara. Dhana hiyo yafaa ichunguzwe upya, hasa katika wilaya kama Bariadi, mkoani Simiyu, ambako mtama hustawi na upishi wa pombe ya nafaka ni kazi ya tangu zamani.

Kimea hugeuza wanga wa uji kuwa sukari. Chachu, ambayo ni viumbe hai vidogo mno, huivunja sukari hiyo, ikatoa alkoholi, hewa ya kabonidayoksaidi na joto. Kilo moja ya sukari ikichachuka hutoa kilojuli zipatazo 560. Joto hilo lote likibaki ndani ya lita 20 za pombe, litaipandisha kwa nyuzi sita hadi saba za Sentigredi. Katika nchi yenye jua kali ongezeko hilo si dogo, kwani joto likizidi nyuzi 40 chachu nyingi hudhoofika na pombe huharibika upesi.

Mtungi wa udongo hupunguza hatari hiyo. Maji hupenya vitundu vyake, hufika nje na kugeuka mvuke, nao mvuke huondoka na joto. Chini ya robo lita ya maji ikivukizwa hivyo, yatosha kuondoa kilojuli zote 560. Pipa la plastiki halipenyezi maji, hivyo halina msaada huo. Tena, vipimo vyote vya chombo vikiongezwa maradufu, ujazo huwa mara nane, ilhali eneo la nje huwa mara nne tu. Anayeacha mtungi na kushika pipa hana budi kulifunika kwa gunia bichi na kuliweka kivulini penye upepo.

Maarifa haya yafaa yaingie darasani, pasipo kusifu ulevi. Gramu 100 za sukari, lita moja ya maji vuguvugu, hamira kidogo, chupa ya chai na kipimajoto vyatosha. Mdomo wa chupa uzibwe kwa pamba, kamwe si kwa kizibo, maana hewa ikikosa njia chupa yaweza kupasuka. Wanafunzi waandike joto kila baada ya saa chache, kisha mchanganyiko umwagwe.

Shule inayowafundisha vijana kuudharau mtungi kabla ya kuupima huwanyima somo lililo tayari nyumbani kwao. Mama mpishi alijua kuutunza ubaridi wa mtungi. Wajibu wa mwalimu ni kuwaonyesha watoto wake sababu.