Waliokimbilia kwa jamaa nao waandikwe
Na Kerubo Omwenga

Januari 1908 Mkisii aitwaye Otenyo alimchoma mkuki ofisa Mwingereza, Geoffry Northcote. Waingereza walilipiza kwa kuchoma nyumba, kupora ng'ombe na kuua watu wengi hivi kwamba hata Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni, aliandika kupinga. Miaka 100 baadaye, Januari 2008, maelfu ya Wakisii walikuwa wakifurushwa Bonde la Ufa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Kisa cha kwanza kinasimuliwa kote Gusii, nchi ya Wakisii, pamoja na jina la Moraa Ng'iti aliyewahimiza vijana kupigana. Cha pili mashahidi wake wangali hai, lakini hakina orodha ya majina inayoaminika. Chanzo ni jinsi serikali ilivyohesabu. Takwimu zake zilitaja wakimbizi wa ndani zaidi ya 600,000, na karibu nusu yao hawakukanyaga kambini. Wakisii wengi walikuwa katika nusu hiyo. Walirudi kwa ndugu, wajomba na mashemeji, wakagawana nao vishamba ambavyo hata kabla ya hapo havikuwatosha wenyewe. Operesheni Rudi Nyumbani ya serikali ilipoanza Mei 2008, ikitoa shilingi 10,000 kwa familia na 25,000 kwa nyumba iliyochomwa, macho yote yalikuwa kwenye mahema. Aliyepokewa na jamaa akaonekana hana shida, na aliyempokea hakuulizwa lolote.

Ndiyo maana nasema haki ya Gusii ianzie kwenye daftari la majina. Mahakamani matumaini ni machache: kesi za ghasia hizo huko The Hague ziliisha Aprili 2016 bila yeyote kutiwa hatiani. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais Mei 2013, na hazina ya shilingi bilioni 10 iliyotangazwa 2015 waathiriwa wengi wameisikia tu. Sheria ya wakimbizi wa ndani ya 2012 inazitambua hata jamii zilizowapokea, kwa hiyo msingi wa kisheria upo.

Watu wawili watanipinga, na wote wana hoja. Wa kwanza atasema orodha za wakimbizi zimejaa majina ya uongo. Ni kweli, na zilijaa kwa sababu ziliandikwa faraghani. Majirani wanajua nani alifika na mzigo kichwani mwaka ule. Majina yasomwe kwenye baraza la chifu, kata ndogo kwa kata ndogo, na mwenye pingamizi alitoe mbele ya watu. Wa pili, ambaye namheshimu zaidi, atasema mpaka wa Borabu na Sotik, kati ya Wakisii na Wakipsigis, umetulia, tusitoneshe kidonda. Lakini kimya tumekwisha kukijaribu. Ripoti ya Tume ya Akiwumi kuhusu mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990, yakiwemo ya Gucha na Transmara, ilikamilika 1999 ikafungiwa hadi 2002. Miaka michache baadaye nyumba ziliwaka tena, na Borabu yenyewe ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoungua.

Daftari hilo haliwezi kuwa la Wakisii peke yao. Kuna Wakipsigis waliopoteza mali na jamaa kwenye mpaka huohuo, na wakiachwa nje, majina yetu yatasomwa Sotik kama hati ya mashtaka. Kaunti za Nyamira, Kisii na Bomet ziandike pamoja, zianzie Chepilat, ambako pande zote mbili huuziana mazao, na nakala moja iwekwe katika ofisi ya kila chifu kabla ya mashahidi wazee kututoka.