UCHAMBUZI: Jeshi lachukua kijana, mzazi wa mwanamaji aachwa bila wa kumuuliza

KILA mara Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) linapotangaza usajili wa makurutu, viwanja vya Trans Nzoia na Bungoma hufurika vijana tangu alfajiri. Hukimbizwa, hupimwa urefu na uzani, hukaguliwa meno, macho na nyayo, na ifikapo jioni ni wachache mno wanaochaguliwa. Vyombo vya habari huangazia foleni ndefu, machozi ya waliokosa na shangwe za waliofaulu. Ni nadra kusikia habari za mzazi aliyeuza mbuzi ili kijana apate nauli na nakala za vyeti, ambaye kuanzia jioni hiyo hana tena wa kumuuliza chochote.

Kwa mzazi ambaye mwanawe ataangukia Jeshi la Wanamaji, upweke huo huwa maradufu. Makurutu wa nchi kavu, wa angani na wa majini hufunzwa pamoja katika kambi ya Moi, Eldoret, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Kitale. Gwaride la kufuzu likishapita, mwanamaji hupelekwa Mtongwe, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, Mombasa, yaliko makao makuu ya jeshi hilo. Huko ni zaidi ya kilomita 800 kutoka mashamba ya mahindi ya Kiminini na Kwanza. Si wachache miongoni mwa wazazi hao ambao hawajawahi kuiona bahari kwa macho yao, na jina Mtongwe wanalikumbuka kwa jambo moja tu: mkasa wa feri wa Aprili 29, 1994, ulioua watu 272.

Jeshi lina utaratibu madhubuti wa kumshughulikia kurutu mwenyewe. Wake wa wanajeshi nao wana chama chao. Baba au mama wa kijana wa miaka 19 ambaye hajaoa hana chama wala afisi anayoifahamu. Pengo hilo huenda likaonekana dogo kwa anayelitazama akiwa Nairobi. Kule Kitale lina gharama, na ya kwanza ni ya fedha.

Usajili baada ya usajili, vijana wamekuwa wakikamatwa katika lango la kambi ya Eldoret wakiwa na barua bandia za kuitwa mafunzoni. Wengine hufika na masanduku yao, wakiwa wameagwa kwa maombi kijijini. Nyuma ya kila barua ya aina hiyo kuna mtu aliyelipwa, na aghalabu aliyelipa si kijana. Kijana wa umri huo hana ng'ombe wa kuuza wala ekari ya kuweka rehani. Ni mzazi aliyelipa, na kwa kuwa kutoa hongo ni kosa sawa na kuipokea, huogopa kupiga ripoti kwa polisi asije akajitia kitanzi mwenyewe. Tapeli analijua hilo vyema.

KDF haijanyamaza kuhusu suala hili. Kila tangazo lake husisitiza kwamba usajili ni bure, kwamba anayetoa na anayepokea mlungula wote watashtakiwa, na kwamba kurutu wa kawaida awe na umri wa miaka 18 hadi 26. Hata hivyo, tangazo humlenga anayesajiliwa, nalo hukomea kwenye masharti. Halielezi safari nzima ilivyo. Tapeli akidai, mathalani, kuwa nafasi za majini hutolewa kivyake Mombasa na zina bei yake, mzazi asiyejua kuwa kurutu wa majini naye huanzia Eldoret hana hoja ya kumpinga. Sentensi moja tu iliyonyooka, ikisomwa katika baraza la chifu au redioni kwa Kibukusu na Kisabaot, ingeokoa mashamba kadhaa.

Gharama ya pili ni ya moyo. Mafunzo ya Eldoret huchukua miezi mingi, na katika kipindi hicho kijana hukatwa na maisha ya uraiani kwa makusudi. Hilo lina sababu zake na si vyema kulilaumu. Mwanajeshi hafinyangwi huku akipiga simu nyumbani kila jioni.

Isitoshe, jamii za eneo hili zinajua vyema maana ya kumtenga kijana ili arudi akiwa mtu mwingine. Wabukusu hutahiri wavulana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na tangu kisu hadi sherehe ya khukhwalukha, kijana huwa mikononi mwa wengine. Tofauti ni kwamba kule mzazi anajua kijana yuko kwa nani, analishwa na nani, na ni mzee yupi atakayeleta habari kukitokea jambo. Kutengana kwenyewe hakumtishi mtu wa Bungoma. Kinachomsumbua ni kukosa yule mzee wa kuleta habari.

Jambo jingine huzungumzwa kwa sauti ya chini, hasa upande wa Mlima Elgon. Machi 2008, wanajeshi waliingia huko katika Operesheni Okoa Maisha kuwakabili wapiganaji wa Sabaot Land Defence Force waliokuwa wameua na kuwafukuza watu kutoka mashamba yao. Kiongozi wao, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei mwaka huo. Wapo waliopumua. Wapo pia waliosimulia mateso katika kambi ya Kapkota, na familia ambazo hadi leo hazijui waume na wana wao waliochukuliwa waliishia wapi. Mtoto aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja wakati huo sasa amefikia umri wa kusajiliwa. Mama yake anapomwona akivaa sare, hisia zake si fahari tupu, na hakuna afisa wa usajili anayefikiria kumweleza lolote.

Ni kweli kwamba sare ya majini haina kumbukumbu hiyo. Jeshi la Wanamaji lilizinduliwa Desemba 16, 1964, na kwa muda mrefu lilikuwa dogo na lisilojulikana bara. Mambo yamebadilika. Jenerali Samson Mwathethe, mwanamaji, aliteuliwa Mkuu wa Majeshi mwaka wa 2015, na mwanamaji mwingine, Jenerali Charles Kahariri, akateuliwa kushika wadhifa huo mwaka wa 2024. Mnamo Septemba 28, 2012, vikosi vya Kenya viliingia Kismayu kwa njia ya bahari, hatua iliyowazindua wengi kwamba nchi hii ina jeshi la majini linaloweza kupigana.

Lakini kazi kubwa ya mwanamaji si ya aina hiyo. Taifa liliona sura yake nyingine Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka kwa feri ya Likoni na kuzama na mama na bintiye. Wapiga mbizi wa jeshi hilo walikuwa miongoni mwa waliosaka katika maji yenye giza hadi miili ilipoopolewa Oktoba 11. Nchi nzima iliwatazama kwenye runinga, wengi wakiwalaumu kwa kuchelewa. Sijambo la kawaida kwa mzazi kumsikia mwanawe akitusiwa na majirani bila kujua kama alikuwa kazini siku hiyo au la.

Doria, ulinzi wa mipaka ya bahari, uokoaji, matengenezo ya mitambo, miezi ya kukaa Manda, Lamu: huo ndio utaratibu wa kila siku. Nayo Manda ina hatari zake. Januari 5, 2020, Al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa kijeshi huko Manda Bay, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege. Habari hiyo ilifika bara kwa redio na simu kabla ya mchana. Kwa aliyekuwa na mtoto katika kambi ya wanamaji ya Manda, tofauti kati ya uwanja wa ndege na kambi haikuwa na maana yoyote asubuhi hiyo.

Kielelezo kichungu zaidi cha ukimya wa jeshi hakikutoka majini. Januari 15, 2016, kambi ya KDF ya El Adde, Somalia, ilivamiwa. Wengi wa wanajeshi waliokuwa huko walitoka kambi ya Moi, Eldoret, ile ile ambayo wazazi wa Kitale na Bungoma huijua kwa nyimbo za gwaride. Jamaa walifunga safari hadi huko kutafuta majina. Serikali haikutoa idadi kamili ya waliouawa, na uvumi ukajaza nafasi hiyo.

Hoja ya jeshi ilikuwa kwamba adui asipewe ushindi wa takwimu. Ni hoja yenye uzito. Hata hivyo, kuficha jumla kwa adui ni jambo moja, na kumweleza mama mmoja hali ya mwana mmoja ni jingine kabisa. Mambo hayo mawili yalichanganywa, na yangali yanachanganywa.

Magharibi mwa Kenya, ukimya huu ni wa zamani kuliko jamhuri yenyewe. Mnamo 1917, serikali ya kikoloni ilikusanya wapagazi kwa maelfu kwenda vita vya Afrika Mashariki Ujerumani. Maelfu hawakurudi, na mishahara ya wengi waliofia huko haikuwafikia jamaa zao. Kilichobaki ni jina la Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam.

Sheria ya leo inatoa nafasi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 24(5) cha Katiba ya 2010 kinaruhusu haki kadhaa za wanajeshi kupunguzwa: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, masuala ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za waliokamatwa. Kifungu cha 35, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, hakimo katika orodha hiyo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inazuia zinazoweza kudhuru usalama wa taifa, na ni sawa izuie. Lakini nambari ya simu ya afisi ya kuwahudumia wazazi, ratiba ya mafunzo kwa jumla, au maelezo ya jinsi familia itakavyoarifiwa mtoto akijeruhiwa, havimfichulii adui chochote.

Suala la kuacha kazi nalo lingefaa kuwa la kwanza katika maelezo hayo. Mnamo 2014, korti ya kijeshi iliyoketi Mombasa iliwahukumu zaidi ya wanamaji 20 wa zamani kifungo cha maisha kwa kutoroka jeshini. Walikuwa wameondoka na kwenda kufanyia kazi kampuni za kigeni za ulinzi ambako mshahara ulikuwa mnono. Wao walishikilia kuwa walijiuzulu, nao walikata rufaa katika Mahakama Kuu. Ni wazi kuwa katika nyumba nyingi uamuzi wa aina hiyo hujadiliwa na wazazi: karo ya wadogo, nyumba ya mabati, deni la ushirika. Mzazi anayemsukuma mwana atafute riziki bora ng'ambo, akidhani jeshi huachwa kama kibarua cha shamba la mbegu, anamsukuma kwenye jela pasipo kujua. Shinikizo la pesa kutoka nyumbani ni mzigo ambao mwanamaji mpya huubeba kuanzia mshahara wa kwanza, na hakuna anayewaeleza wazazi hivyo.

Mataifa mengine yamelitatua hili bila gharama kubwa. Jeshi la majini la Marekani, ambalo hufundisha makurutu wake Great Lakes, kaskazini mwa Chicago, humruhusu kurutu kupiga simu fupi anapowasili, na nguo zake za kiraia hutumwa nyumbani. Tangu 1970, kufuatia agizo la Amiri Elmo Zumwalt, vituo vyake vina wajumbe wa kujitolea ambao kazi yao ni kuunganisha familia na makamanda. Kenya haina fedha za Marekani, lakini ina machifu na manaibu wao hadi kila lokesheni ndogo, na karibu kila nyumba ina simu.

Kwa sasa, mzazi anayesubiri ana machache ya kufanya mwenyewe. Aandike na kuhifadhi nambari ya kazi ya mwanawe na jina la kikosi mara tu anapoyapata. Amwulize, akiwa likizoni, ni nani aliyeandikwa kama jamaa wa karibu, na amwombe abadilishe maelezo hayo akioa au akihama, kwani chini ya Sheria ya Urithi wazazi hupata nafasi ya kwanza iwapo tu marehemu asiyeacha wosia hakuwa na mke wala watoto. Mazungumzo hayo ni magumu katika jamii inayoamini kuwa kutaja kifo ni kukiita. Mabaharia wa Lamu na Mombasa huyazungumza kabla ya kung'oa nanga.

Yaliyobaki ni ya jeshi. Siku ya gwaride la kufuzu, wazazi huja Eldoret kwa mabasi kutoka kila pembe ya nchi na kuketi kwa saa kadhaa wakimsubiri mgeni wa heshima, aghalabu Rais. Vipaza sauti huwa vimeshafungwa, na maafisa wa Mtongwe wangeweza kuwa hapo hapo. Saa moja tu kati ya hizo, kabla bendi haijaanza, ingetosha kuwaeleza wazazi wa wanamaji watoto wao wanaenda wapi na wao wapige simu kwa nani.