Juu ya wa Kwanza

Mama mmoja ametuuliza: binti yake apendaye hesabu ana nafasi gani Chuo Kikuu, hali somo hilo, kama asemavyo, ni la vichwa vya wanaume? Tumjibu kwa habari ya Cambridge, Uingereza.

Huko, katika karne ya kumi na tisa, waliofaulu vyema mtihani wa shahada ya hisabati walipangwa mmoja mmoja kwa ubora, na majina yakasomwa hadharani. Mwaka 1880 Charlotte Scott aliufanya kwa hisani tu ya watahini, akalingana na mwanamume wa nane. Mwaka uliofuata wanawake waliruhusiwa rasmi, lakini kanuni ikabaki na mwiba wake: majina yao yasomwe baada ya ya wanaume, itajwe tu kila mmoja angeangukia baina ya nani na nani, na shahada wasipewe.

Mwaka 1890 likasomwa jina la Philippa Fawcett wa Newnham. Nafasi yake? Juu ya mwanamume wa kwanza! Ukumbi ukarindima kwa shangwe. Shahada hakupewa, wanawake wa Cambridge walikuja kuipata mwaka 1948, miaka 58 baadaye.

Basi, mama yetu, kizuizi hakikuwa kichwani mwa binti, kilikuwa katika karatasi. Itafuteni karatasi ya kanuni za chuo akitakacho binti yako, mkaisome pamoja kabla hajajiandikisha: alama zipi za hisabati zatakiwa, na akianguka mtihani hurudia lini.