Njaa Inapokatwa kwa Dawa: Mitishamba ya Kupunguza Mwili katika Ukanda wa Dhahabu

Kwa miaka mingi katika Kanda ya Ziwa unene ulikuwa habari njema. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, aliyekonda alitazamwa kwa mashaka, na aliyenenepa alihesabiwa kuwa mzima. Leo, kutoka Shinyanga mjini na Kahama hadi Katoro na Geita, watu hununua unga na majani ya kukata hamu ya kula ili wapate kinyume chake. Wanazo sababu. Shinikizo la damu na kisukari si magonjwa ya Dar es Salaam tena, na mara nyingi ni mhudumu wa afya mwenyewe aliyemwambia mgonjwa apunguze uzito, akaishia hapo. Kumlaumu kwa kwenda kwa muuza dawa ni kumwonea.

Wala si haki kuibeza mitishamba kwa jumla. Metformini, kidonge ambacho wagonjwa wa kisukari humeza kila siku katika hospitali za mikoa hii, chimbuko lake ni mmea uliotumiwa na waganga wa Ulaya karne nyingi zilizopita. Linalopaswa kuulizwa ni kama mmea huu mmoja, kwa kipimo hiki, umepimwa kwa watu, na matokeo yakawaje.

Mfano ulio karibu nasi ni hoodia, mmea wa jangwa la Kalahari ambao Wasani waliutafuna kuzuia njaa na kiu wakiwa mawindoni. Kampuni kubwa za nje ziliwekeza fedha nyingi humo, kisha zikajitoa moja baada ya nyingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2011 liliwapa wanawake wenye uzito uliozidi dondoo ya mmea huo kwa siku 15, na wenzao wakapewa dawa isiyo na kitu. Kiasi cha chakula walichokula hakikutofautiana. Kilichopanda kwa waliopewa hoodia ni shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na baadhi yao walitapika. Garsinia nayo, ambayo bado inauzwa kwa makopo ya kupendeza, ilipimwa Marekani kwa wiki 12 na matokeo yakachapishwa mwaka 1998: haikushinda dawa isiyo na kitu.

Ipo mimea inayokata njaa kweli. Mirungi ni mojawapo, na kila aliyekaa machimboni anajua kwamba mtafunaji hasikii njaa wala usingizi. Lakini kiini chake ni ndugu wa amfetamini, huupiga moyo mbio na kupandisha shinikizo; sheria ya Tanzania hairuhusu mirungi, na moyo nao hauiruhusu kwa muda mrefu. Kwa hiyo unga unaokata njaa siku ya kwanza tu unapaswa kuogopwa kuliko kusifiwa. Sibutramini, dawa ya viwandani iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, imekutwa mara kwa mara ndani ya bidhaa zilizoandikwa kuwa ni mitishamba mitupu. Sanamaki haina hata hila hiyo: inaharisha. Mizani inashuka kwa sababu maji na potasiamu vimetoka, huku mafuta yakibaki palepale. Mtu anayeshinda duarani kwa joto na jasho hana maji ya kuchezea.

Hoja ya kwamba kilicho asili hakidhuru haipaswi kumshinda mtu yeyote wa Usukuma, kwa maana kina mama wa huko wanajua vema kwa nini muhogo mchungu huvundikwa na kuanikwa kabla ya kuliwa. Katika jiji la Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza mwili vilivyochanganywa na mmea wa aristolokia. Baadaye wengine walipata saratani ya njia ya mkojo. Sasa mtazame mchenjuaji wa Nyarugusu au Rwamagasa, ambaye figo zake tayari zinapambana na mvuke wa zebaki anayoichoma ili kupata dhahabu. Unga usiojulikana ukiongezwa juu ya mzigo huo, hakuna anayeweza kusema figo zitastahimili kiasi gani.

Hata hivyo, hatari iliyo kubwa zaidi katika ukanda huu haimo ndani ya kopo. Vumbi la mawe linalotoka duarani na kwenye makarasha huyadhoofisha mapafu na kuifungulia njia TB, na TB huanza kwa mambo yale yale ambayo muuza unga anayaahidi: hamu ya kula hupotea, nguo hulegea. Mchimbaji aliyenunua dawa mwezi uliopita na leo amepungua kilo sita anashukuru dawa, anaongeza kopo la pili, anawasimulia wenzake. Kikohozi anakilaumu vumbi. Kisukari nacho hukondesha kwa namna hiyo hiyo, na VVU pia. Dawa inayopewa sifa za ugonjwa humchelewesha mtu hospitalini hata kama ni majani yasiyo na madhara yoyote.

Hapa inafaa kumtofautisha mganga na mchuuzi. Mganga wa tiba asili anayejulikana, aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, humwona mgonjwa na kumuuliza kabla ya kutoa dawa. Mchuuzi mwenye kipaza sauti huuza kopo lile lile kwa mjamzito, kwa mwenye shinikizo na kwa anayemeza glibenklamidi, ambaye akiacha kula kwa sababu njaa imekatwa, sukari yake inaweza kushuka hadi azimie.

Mhudumu aulize basi, tena bila kukunja uso, kwa kuwa mgonjwa aliyefokewa mara moja hatasema tena. Swali la mitishamba liwe la kawaida kama la mzio. Kwa mwanamke anayetumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri, aulizwe kama uzito umeongezeka tangu aanze. Ongezeko hilo linajulikana, na ni afadhali alizungumze CTC kuliko kulimaliza kimyakimya sokoni. Mgonjwa naye aje na kopo lenyewe. Apimwe shinikizo, sukari na mkojo, na inapowezekana kreatinini. Akiwa mchimbaji anayekohoa, apimwe makohozi, kipimo ambacho hakilipiwi, na unga ukae kando mpaka majibu yatoke.