Maili ya Kirumi Si Maili ya Kiingereza

Mfasiri wa maandishi ya Warumi hana budi kutofautisha maili yao na ya Waingereza. Ya Kirumi ni takribani kilomita 1.48, ya Kiingereza ni 1.609. Barabara ya Via Appia, iliyoanza kujengwa mwaka 312 K.K., ilikuwa na maili 132 za Kirumi kutoka Roma hadi Capua, yaani kilomita 195. Anayezidhania kuwa za Kiingereza huzua kilomita 17 zisizokuwapo. Kuandika “hatua elfu” nako hakufai: kila “passus” ya Mrumi ilikuwa hatua mbili, ya kushoto na ya kulia, hivyo safari hupungua nusu. Yafaa basi iandikwe “maili ya Kirumi”, na kilomita zipatikane kwa kuzidisha maili hizo kwa 1.48. Tafsiri isiyopima humpoteza msomaji njiani.