Barua Iliyofichwa Katika Mtoto wa Meza

Ndugu msomaji, ikiwa unaye mtoto, mdogo wako au mpwa aliyekwenda ng'ambo kusoma, nakuomba uusome ukurasa huu mpaka mwisho, kisha umtumie. Na ikiwa huna, usome vilevile, kwa sababu jambo ninalotaka kukusimulia lilitokea Uingereza, lakini mizizi yake niliikuta nyumbani kwetu.

Usiku mmoja, yapata saa saba, simu yangu ililia. Aliyepiga alikuwa mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada yangu mkubwa, kijana anayesoma chuo katika mji mmoja wa kaskazini mwa England. "Shikamoo mjomba," alisema. Nikaitikia, nikangoja. Hakusema neno. Wewe mwenyewe wajua kwamba katika jamaa zetu mtoto anaposhindwa kumkabili mama yake humwendea mjomba, na kimya cha namna ile huwa na uzito wake. Hatimaye akasema, "Mjomba, wanataka kunishitaki mahakamani kwa sababu ya tiketi ya treni."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Huko Uingereza vijana huuziwa kadi maalumu ambayo huwapunguzia theluthi moja ya nauli ya treni. Kadi hiyo hudumu kwa muda wake, kisha hukoma mpaka inunuliwe upya. Ya mpwa wangu ilikuwa imekwisha. Yeye akaendelea kununua tiketi zenye punguzo lile lile kwa simu yake, kwani simu haikumuuliza kama kadi ingali hai. Asubuhi moja mkaguzi alipita katika behewa, akaomba tiketi, kisha akaomba na kadi. Akaitazama, akatikisa kichwa, akaandika jina na anwani ya kijana katika daftari lake, akaenda zake. Hakupiga kelele wala hakumteremsha. Mpwa wangu akadhani yamekwisha.

Baada ya majuma kadhaa ikaja barua ya kumtaka aeleze jambo lile kabla kampuni haijaamua la kufanya. Kijana akaisoma mara moja, akaitia katika mtoto wa meza, akafunga. Aliona haya. Alifikiri juu ya mama yake, ambaye alikopa katika chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake ili kumtafutia nauli ya ndege. Barua ikakaa gizani. Ndipo ikaja ya pili, nayo haikuwa ya kuuliza.

Basi, ndugu msomaji, nilitumia siku nne kuzisoma sheria za watu wale, na nitakueleza niliyoyapata, kwa maana wengi wetu tunao watoto huko wasioyajua. Msafiri asiye na tiketi halali huweza kukutana na mambo matatu yaliyo tofauti kabisa.

La kwanza ni tozo ya adhabu. Katika England, tangu Januari 2023, tozo hiyo ni pauni 100 pamoja na nauli ya safari yenyewe; anayelipa ndani ya siku 21 hupunguziwa, akalipa pauni 50 pamoja na nauli. Hii si jinai, wala haiandikwi popote kuwa hatia. Anayeona ameonewa anayo haki ya kukata rufani ndani ya siku hizo hizo 21.

La pili ni kanuni za reli za mwaka 2005. Hizi husema kwamba ukiingia mahali panapodai tiketi bila ya kuwa nayo, umekosa, hata kama hukukusudia. Usahaulifu si utetezi. Utetezi uliopo ni wa namna chache, kama vile kwamba pale ulipopandia hapakuwa na dirisha lililo wazi wala mashine inayofanya kazi, au kwamba mtu mwenye mamlaka alikuruhusu kupanda. Kosa hili huamuliwa na mahakama, na faini yake huweza kufika pauni 1,000.

La tatu ndilo zito. Ni Sheria ya Reli ya mwaka 1889. Sheria hii ilitungwa katika mwaka wa ajali kubwa ya Armagh, nchini Ireland, iliyoua watu wapatao 80, wakiwamo watoto waliokuwa wakienda matembezini na shule yao ya Jumapili. Bunge likazilazimisha kampuni kuweka breki bora na kuzitenganisha treni njiani. Na katika sheria hiyo hiyo likaweka adhabu ya anayesafiri kwa nia ya kutolipa nauli. Hapa neno ni nia. Mahakama ikiridhika kwamba msafiri alikusudia kukwepa, huweza kumtoza faini isiyozidi pauni 1,000 au kumfunga kwa muda usiozidi miezi 3. Kifungo ni nadra, lakini hatia yenyewe huandikwa, na mgeni anayeishi kwa viza hutakiwa kutaja hatia zake anapoomba viza nyingine. Kwa mpwa wangu, hilo ndilo lililokuwa mezani.

Usidhani kwamba wenyeji wenyewe wanaridhika na mambo yalivyo. Mwaka 2024 kijana mmoja aliyemaliza chuo kikuu alitishiwa kushitakiwa kwa sababu ya upungufu wa pauni 1 na senti 90. Alikuwa na kadi iliyo hai na tiketi aliyoilipia, ila hakujua kwamba kadi hiyo ina kiwango cha chini cha nauli saa za asubuhi, siku za kazi. Watu wengi walighadhibika, kampuni ikaiacha kesi, na serikali ikaagiza uchunguzi. Taarifa ya uchunguzi huo, iliyotolewa Juni 2025, ilitaka wasafiri watendewe kwa namna moja kila mahali, na mashitaka yasiwe makubwa kuliko kosa.

Hata mahakama zao zilijikwaa. Ulikuwapo utaratibu wa hakimu mmoja kuamua kesi ndogo ndogo kwa kusoma makaratasi tu, bila mshitakiwa kufika mbele yake. Baadhi ya kampuni za reli zikaupitishia humo mashitaka ya sheria ile ya 1889, ambayo hayakuruhusiwa kuamuliwa kwa njia hiyo. Agosti 2024 hakimu mkuu akatamka kwamba kesi zipatazo 74,000 zilikuwa batili, kana kwamba hazikupata kuwapo. Fikiri, msomaji, ni watu wangapi katika hao waliokuwa wameficha barua zao kama mpwa wangu, wakahukumiwa bila kusema hata neno moja.

Nilipomaliza kuyasoma hayo nilimpigia kijana. Nikamwambia, "Jibu la barua hii huandikwa leo, na huandikwa kweli. Niambie, ulisahau?"

Akanyamaza, kisha akasema, "Siku ya kwanza nilisahau, mjomba. Jioni ile nikagundua. Lakini fedha zilikuwa zimepungua, nikasema nitanunua kadi mwisho wa mwezi. Nikaenda hivyo karibu majuma matatu."

Hapo nami nilinyamaza. Maana neno lile nililokuwa nimelisoma, nia, sasa lilikuwa limetoka kinywani mwake.

Nilikwenda kwa dada yangu Jumamosi. Nilimkuta anachambua mchele. Nilimweleza yote, polepole, naye alisikiliza bila kuinua macho. Nilipokwisha akasema, "Mwambie aandike kwamba alisahau. Nani atakayejua?"

Ndugu msomaji, sikumjibu upesi, kwa sababu sentensi ile nilikuwa nimekwisha kuisikia. Mwaka 1996 marehemu baba alitupakia katika gari moshi la kwenda bara, mimi na dada huyu huyu. Nilikuwa nimetimiza miaka saba. Stesheni tulipokuwa tukingoja, baba aliinama akaninong'oneza kwamba mkaguzi akiuliza, niseme umri wa mtoto asiyelipiwa nauli. Dada aliambiwa anyamaze. Mkaguzi alikuja usiku na taa yake, akanitazama miguu iliyokuwa ikining'inia kwenye benchi, akacheka, akasema, "Mtoto huyu amekula vizuri," akapita. Baba alinipa andazi. Baba yangu hakuwa mwizi. Alikuwa mfanyakazi wa mshahara mdogo mwenye watoto wengi, na msiba ulikuwa unamngoja. Lakini siku ile nilijifunza kwamba mbele ya mkaguzi uongo ni akili, na andazi ndilo zawadi yake.

Nikamkumbusha dada habari ile. Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Uliyala yote mawili," alisema, "mimi hukunibakizia." Tukacheka sana, kisha kicheko kikaisha, naye akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi aandike kweli," akasema. "Lakini kama wakimfukuza huko, mimi na wewe tutakuwa tumemfukuza."

Hayo ndiyo maneno niliyolala nayo kwa majuma sita. Ni rahisi kuhubiri ukweli ikiwa gharama zake zinalipwa na mtu mwingine.

Kijana aliandika. Alisema siku aliyosahau, na siku alizojua. Hakuwalaumu wakaguzi wala hakusingizia simu. Aliomba radhi kwa kuchelewa kujibu, akaeleza ni kwa nini alichelewa, akaonyesha kwamba amekwisha kununua kadi mpya, na akasema yuko tayari kulipa nauli zote alizopunja pamoja na gharama za kampuni. Wakati mwingine kampuni hukubali mapatano ya namna hiyo nje ya mahakama, hasa kwa anayekosa mara ya kwanza. Lakini hazilazimiki, nasi tulijua hivyo. Jibu lilipokuja, walikuwa wamekubali. Malipo yalizidi mara nyingi sana thamani ya kadi aliyoshindwa kuinunua. Mama yake alitaka kumtumia fedha. Alikataa. Anaosha vyombo katika mkahawa mwisho wa juma, akawa analipa kutoka humo mpaka deni likaisha.

Sasa nikuachie machache ya kumwambia aliye mbali nawe. Aitazame tarehe ya kadi yake kabla ya kununua tiketi. Asome masharti ya tiketi ya bei nafuu, kwa maana unafuu wake huwa na saa zake na njia zake. Akikuta mashine mbovu, apige picha na kuandika saa. Akikamatwa, ataje jina na anwani yake ya kweli, kwani kudanganya hapo ni kosa juu ya kosa. Barua ikija, aijibu kabla siku hazijapita. Na kabla ya kuandika, aende kwa washauri wa chama cha wanafunzi au kwa mwanasheria, hasa kama anaishi kwa viza. Zaidi ya yote, amwambie mtu. Barua iliyofichwa haizeeki. Huzaa nyingine iliyo kali kuliko yenyewe.

Na sisi tulio hapa? Tangu Juni 14, 2024 treni za umeme zilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Julai 25 mwaka huo zilipofika Dodoma, tunapita katika milango inayosoma tiketi, na mkaguzi wa kucheka na kupita amekuwa adimu. Hata hivyo sijasikia mlango unaoweza kusoma kinachonong'onezwa mtoto kwenye foleni. Kukata tiketi ya kituo cha karibu ili kuteremka cha mbali, au kumpunguzia mtoto umri dirishani, bado huanzia nyumbani. Reli ile ni mali yetu sote, na nauli asiyoilipa mmoja hulipwa na mwingine, ambaye aghalabu ni mfanyakazi mwenzako aliyepanga foleni kwa utulivu na fedha kamili mkononi.

Mwezi uliopita nilisafiri na binti yangu kwenda Dodoma. Mwenye kukata tiketi aliuliza umri wake. Nami, Mungu anisamehe, nilisita kidogo. Mtoto akaniangalia, akamjibu mwenyewe, kwa sauti kubwa, akataja na miezi. Nikalipa. Ndani ya behewa nilimnunulia maandazi mawili, nikamwambia moja ni la shangazi yake.

Tuonane Jumapili ijayo.