Kitafuteni Papa Shirandula
Familia ya Kitengela ikiniuliza itazame nini pamoja jioni, nitaitajia Papa Shirandula, kipindi cha Citizen TV ambacho wengi walikichukulia kuwa vichekesho vya lafudhi tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mzee Papa Shirandula mwenyewe, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, humuaga mkewe Wilbroda akiwa amevaa suti, mama akiamini mumewe ana kazi ya maana ofisini. Kumbe akifika huko huvua suti, huvaa sare ya soja na kukaa langoni. Hapa kwetu, ambako matatu za kwenda Nairobi hujaa Barabara ya Namanga kabla jua halijachomoza, nani hajui mzigo wa kulinda heshima mbele ya mke na watoto? Naye mwigizaji Jacky Nyaminde hakumfanya Wilbroda kuwa mjinga, ndiyo maana kicheko cha kipindi hicho kinachoma. Bukeko alifariki Julai 2020, na kipindi hakikudumu baada yake. Kitafuteni, mkitazame na watoto. Na vichekesho vya kifamilia ambavyo bado viko hewani, viandikieni vituo leo mkivisifu, kwa sababu meneja aliye Nairobi hasikii mnavyocheka sebuleni hapa Kajiado.